Mandolini ya milioni moja na nusu

Haya wadau, leo siasa pembeni. Wiki nzima hii nimegombana na watu watatu kwa sababu ya kitu kimoja tu: mandolini. Mzee wangu anasema nimechanganyikiwa. Mshikaji wangu mpiga besi anasema nanunua kitu kisichofaa jukwaani. Dada mmoja wa ofisini kwetu, aliponisikia nataja bei, aliuliza kama inakuja pamoja na mtu wa kuipiga.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, mandolini ni kama mdogo wake gitaa. Ina nyuzi nane za chuma zilizopangwa mbili mbili, kwa hiyo ni jozi nne, na zinatyuniwa sawasawa na fidla: G, D, A, E. Ilizaliwa Napoli, Italia, ikiwa na mgongo wa duara kama bakuli, ikasambaa dunia nzima na kila walikoipokea wakaipiga kivyao. Kama uliangalia Dilwale Dulhania Le Jayenge ya mwaka 1995 (na nani hakuiangalia, tuache uongo), kile kidude alichokuwa nacho Shah Rukh Khan ndio mandolini. Laxmikant, yule wa Laxmikant-Pyarelal aliyetunga muziki wa sinema nyingi za Kihindi, alianza maisha kama mpiga mandolini. Na kwenye taarabu ya pwani yetu mandolini si mgeni, ingawa udi, fidla na kanuni ndio wenye nyumba.

Mimi nilianza kuipiga miaka minne iliyopita. Wikiendi tunakutana washikaji wanne, tunapiga nyimbo za zamani na vitu vyetu vichache, mara moja moja tunaitwa kwenye shughuli. Hela haipo huko, lakini raha ipo.

Sasa sikilizeni kisa.

Mandolini yangu ya kwanza niliinunua dukani, hapa hapa mjini, kwa shilingi laki moja na themanini. Nzuri kwa macho, inang'aa kama gari la harusi, rangi nyekundu inafifia kuelekea katikati. Na ubavuni ina tundu la kuchomeka waya. Hilo tundu ndilo lililonimaliza. Nikajiambia, kijana umeokota dodo chini ya mwarobaini, mandolini ya umeme kwa bei ya simu mbovu.

Mwaka jana dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, akafanyiwa sendoff. Bibi yetu akaletwa kutoka Tanga. Bibi ana miaka themanini na kitu, sikio moja halisikii kabisa na la pili linasikia kwa kubembelezwa. Ukimpigia mandolini sebuleni anakuangalia mikono tu, anatabasamu kwa heshima. Ila kwenye spika kubwa anasikia, na anazijua nyimbo kuliko mimi. Kwa hiyo mpango ulikuwa nipige wimbo mmoja aliokuwa akiuimba zamani akitusugua miguu, wao waingie nao ukumbini.

Nikachomeka waya. Kwanza ukatoka mngurumo kama jenereta la jirani. Fundi mitambo akapunguza huku, akapandisha kule, sauti ikaja nyembamba, kama mtu anagonga kijiko kwenye bati. Akaongeza tena. Spika zikapiga mluzi, ule mluzi unaopasua kichwa, watoto wakaziba masikio. Nikajaribu kuendelea na bahati mbaya nilipopanda juu ya shingo kila sauti ikawa imepinda. MC, Mungu amsamehe, akadaka maiki: "Jamani tumpigie makofi fundi wetu, anajaribu kutafuta stesheni." Ukumbi mzima ukaangua kicheko na DJ akaweka wimbo wake.

Bibi akaniita mezani. "Mume wangu," akasema (bibi zetu wa Tanga mnawajua), "mbona hukupiga?"

Alidhani sijaanza.

Nimelieleza hili kwa kirefu ili muelewe kwamba ninaposema nataka mandolini nzuri yenye umeme sitafuti ubishoo. Desemba hii mdogo wake yule dada anaolewa, safari hii Tanga kwenyewe, na bibi hazidi kuwa kijana.

Baada ya aibu ile nikaipeleka mandolini kwa mzee mmoja mpiga udi Unguja. Nikamwamkia shikamoo, akaipokea, akaitazama kama daktari anavyotazama mgonjwa aliyechelewa kuletwa. Akaugonga uso wake kwa kidole. "Bwana mdogo, hii plaiwudi." Akaangalia shingo kwa jicho moja kama anayelenga bunduki: imejikunja. Halafu akanionyesha kitu ambacho kwa miaka minne sikukijua. Kile kidaraja kinachobeba nyuzi katikati ya mandolini hakikugundishwa kwa gundi! Kinakaa pale kwa nguvu ya nyuzi tu, na ukikisogeza hata milimita mbili mandolini inapoteza ukweli wake. Njia ya kupima ni rahisi: piga uzi ukiwa wazi, halafu ubonyeze kwenye freti ya kumi na mbili. Sauti ile ya pili lazima iwe ile ile ya kwanza, juu yake kamili. Ikipanda zaidi, kidaraja kirudi nyuma. Ikishuka, kisogee mbele. Changu kilikuwa kimehama karibu upana wa kidole. Yaani nusu ya aibu yangu ya sendoff ingerekebishika bure kabisa, nyumbani, kwa dakika tano. Nilitamani kulia.

Nusu nyingine haikurekebishika. Shingo ya mandolini ile haina chuma cha kurekebishia ndani yake, na nyuzi nane zinavuta kwa nguvu ya kilo sabini na zaidi, usiku na mchana. Mbao dhaifu lazima isalimu amri.

Na hapa ndipo ninapotaka kusema neno langu, wenye kupinga mjipange. Ukiwa na hela ya kati, si ya chini wala ya kitajiri, USINUNUE mandolini kwa sababu ina tundu la waya. Nunua mbao. Umeme utauweka baadaye.

Sababu yenyewe ni ya hesabu tu. Mtengenezaji anapoweka bei, tuseme dola 300, na ndani ya hiyo bei kuna pikapu (sizungumzii ile Hilux ya mjomba wako, nazungumzia kile kinasa sauti), vitufe vya sauti, betri na nyaya, hela hiyo imetoka wapi? Imetoka kwenye mbao. Uso wa mandolini ndio muziki wenyewe. Uso mzuri ni mbao nzima ya sprusi, mti wa nchi za baridi, uliochongwa ukapinda kama mgongo wa fidla. Mgongo na mbavu ni mepuli. Uso wa plaiwudi ni karatasi za mbao zilizobandikwa, hautetemeki vizuri, na hakuna fundi duniani atakayeubadilisha. Pikapu unaibadilisha jioni moja.

Halafu kuna suala la umbo. Mandolini za kisasa zenye mgongo bapa zina maumbo mawili makubwa: A, ambayo ni kama tone la maji, na F, yenye mkunjo wa konokono begani na ncha mbili za mbwembwe. Umbo hili la F linatokana na kazi ya Orville Gibson wa Kalamazoo, Marekani, ambaye alipata hataza ya mandolini yake mwaka 1898. Kisha kampuni yenye jina lake ikatoa F-5 mwaka 1922 chini ya Lloyd Loar, na Bill Monroe, baba wa bluegrass, akaipigia moja iliyosainiwa na Loar Julai 1923 mpaka dunia nzima ikataka ya namna hiyo. Sasa sikiliza siri: ule mkunjo wa konokono ni kazi ngumu ya kuchonga na ndio unaopandisha bei, lakini kwenye sauti mchango wake ni mdogo mno. Mandolini ya A na ya F za bei moja, ile ya A karibu kila mara ina mbao bora zaidi na kazi safi zaidi. Kijana wa mjini anayenunua F ya bei nafuu ananunua konokono.

Ukishakubali hilo orodha inakuwa fupi. Nimesoma, nimesikiliza, nimesumbua watu nje na ndani, nikabaki na mbili. Moja ni Eastman MD305. Eastman ni kampuni iliyoanza mwaka 1992 na fidla, mandolini zake zinachongwa China, na MD305 ni umbo la A, mbao nzima mbele na nyuma, rangi isiyong'aa. Nyingine ni Kentucky KM-150, nayo ya China, nayo mbao nzima, nayo A, ila imepakwa rangi ya kupendeza zaidi. Zote ziko kwenye dola 500 hadi 800 kutegemea unanunua wapi. Najua kuna watu wakisikia China wanacheka. Hao wamezoea China ya laki na themanini. Fundi Mchina anayechonga fidla kwa mkono si yule aliyekutengenezea chaja.

Haya, na yale mambo ya umeme? Kuna njia mbili zinazonivutia, zote za piezo, yaani kijiwe kinachogeuza mtetemo kuwa umeme. K&K Mandolin Twin ni vidubwasha viwili vidogo vinavyobandikwa ndani, chini ya uso, karibu na miguu ya kidaraja. Havitumii betri. Fishman M-100 ni kidaraja kizima chenye piezo ndani yake: unatoa cha zamani, unaweka hiki, na tundu la waya linabanwa ubavuni kwa nje bila kutoboa mbao. Ubaya wake ni kwamba miguu ya kidaraja lazima isuguliwe kwa msasa mpaka ilale sawasawa na mpindo wa uso, kazi ya subira. Mimi nimeegemea K&K kwa sababu ya sauti yake, ina joto la mbao zaidi.

Lakini jamani, piezo ukiichomeka moja kwa moja kwenye miksa ya ukumbini itatoa sauti ya kijiko na bati, hata kama mandolini ni ya mfalme. Piezo inatoa umeme kiduchu na inahitaji kukutana na kifaa kinachoipokea taratibu. Kwa hiyo tenga hela ya kiboksi cha kukuza sauti cha kukaa kati yako na miksa. Hii ndiyo sehemu watu wanasahau, halafu lawama zote kwa fundi mitambo. (Yule wa sendoff, kama unasoma, ile kelele nusu ilikuwa yangu. Nilisimama mbele ya spika kama mjinga, sauti inatoka inarudi kwenye mandolini inatoka tena. Samahani sana kaka.)

Sasa mshikaji wangu mpiga besi. Huyu hoja yake si ya kijinga, na nimelala nayo siku mbili. Anasema: wewe unapiga kumbi zenye ngoma na besi. Uso mzuri wa mbao nzima unatetemeka kwa kila kitu, hata kwa besi yangu, kwa hiyo ndio utapiga mluzi zaidi. Nunua kama Ibanez M510E, ina pikapu ya sumaku mwisho wa shingo kama gitaa la umeme, ina vitufe vyake viwili, bei iko chini, unachomeka unapiga. Akanikumbusha U. Srinivas, yule fundi wa India aliyefariki mwaka 2014, ambaye alipiga muziki wa Kikarnatiki kwa mandolini ya umeme ya nyuzi tano na hakuna aliyemuuliza habari za sprusi.

Ni kweli. Kwa mtu anayesimama kila Ijumaa mbele ya ngoma kamili, sumaku ina akili kuliko piezo, kwa sababu inasikia nyuzi zaidi ya mwili. Kama hiyo ndiyo kazi yako, msikilize mpiga besi, niache mimi. Lakini mimi jukwaani napanda labda mara sita kwa mwaka. Siku nyingine zote 359 nipo chumbani, Sinza, saa tatu usiku, TANESCO wakiamka vizuri au wakiamka vibaya, napiga bila waya. Ndio maana nasema uamuzi huu hauamuliwi na zile usiku sita. Mandolini ya plaiwudi yenye umeme mzuri inakunyima raha mwaka mzima ili ikusaidie Jumamosi chache, na hizo Jumamosi zenyewe unaweza kuzitibu: ziba yale matundu ya uso kwa sponji, simama pembeni ya spika, mwambie fundi apunguze sauti za chini.

Kitu kingine ambacho wazungu hawatakuandikia. Ukisoma ushauri wao wote wanalia ukavu, kwamba majira ya baridi hewa ya ndani inakausha mbao mpaka inapasuka. Sisi Dar tatizo letu ni kinyume chake. Mbao nzima inakunywa unyevu, uso unavimba na kupanda, nyuzi zinakaa juu ya freti mpaka vidole vinaota sugu. Hiyo ndiyo gharama ya mbao nzima, sifichi. Dawa yake: chagua mandolini ambayo kidaraja chake kina vigurudumu viwili vya kupandisha na kushusha, na shingo yake ina chuma cha kurekebishia. Hizo mbili nilizotaja zinavyo vyote. Iweke kwenye boksi lake ikiwa na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, usiiache imening'inia ukutani ikipigwa na upepo wa bahari. Na nyuzi, nunua seti tatu nne kwa mpigo, kwa sababu jasho na chumvi yetu vinazila. Futa kila ukimaliza kupiga.

Nikiwa kwenye mambo ya mbao naomba nilalamike kidogo. Mpingo wa Kilwa na Lindi unasafiri mpaka Ulaya kuwa klarineti na obo za watu wa okestra. Sisi wenye mpingo tunaagiza mandolini China. Siku nyingine nitaliandika hili kwa hasira zaidi, leo sina nafasi.

Turudi kwa mzee wangu, mpinzani wa tatu na mgumu kuliko wote. Dola 600 ni takriban milioni moja na nusu ya shilingi. Weka pikapu, kiboksi, boksi la kubebea, usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18, unaikaribia milioni mbili na nusu. Mimi ni mwandishi wa habari, mshahara wetu mnaujua, na bahasha sichukui (acheni kucheka). Hizo hela nimezikusanya miezi kumi na saba. Na mzee anajua kabisa kwamba bado nadaiwa awamu ya mwisho ya kiwanja.

"Kwa hiyo kiwanja kinasubiri kigitaa?"

"Mzee, si gitaa."

"Hata kama ni zeze. Kinasubiri au hakisubiri?"

Nikanyamaza. Ana haki yake. Mtu mwenye deni anayenunua mandolini hana hoja ya kumshinda baba yake, awe ametoka chuo gani. Nilichoweza ni kupunguza. Boksi nitatumia la fidla kuukuu nililopewa, linakaa baada ya kutoa sponji fulani. Kiboksi cha kukuza sauti mpiga besi ameniazima, pamoja na maneno yake yote. Na nimeachana na mpango wa kuagiza mwenyewe: jamaa yangu anayeishi Maryland anakuja Novemba, ataibeba mkononi. Nimeshamwambia asiiweke kwenye mizigo ya chini hata akiombwa kwa upole, na alegeze nyuzi kidogo, asizitoe zote, maana kidaraja kitaanguka.

Mwishoni nimechukua Eastman. Kentucky nilikuwa naipenda kwa rangi, lakini niliposikiliza rekodi za zote mbili nimefumba macho, mara nne kati ya tano nilichagua ile isiyong'aa. Tayari nimeshawahi kununua mng'ao mara moja.

Awamu ya kiwanja nimemwomba mwenye nacho anisogezee mpaka Februari. Amekubali, ila kwa ile sauti ya mtu ambaye hatakubali tena.

Jana jioni bibi alinipigia, yaani alipigiwa na mjukuu mwingine simu ikawekwa sikio la kushoto. Nikapayuka mpaka mpangaji mwenzangu akagonga ukuta. Nikamweleza kwamba Desemba nitapiga, safari hii kweli, na kwamba nitafika siku mbili kabla ili nijaribu na spika za huko.

"Ule wimbo?"

"Ule ule, bibi."

"Basi usiupige haraka," akasema. "Kaka zako wote wanauharakisha."